Dawa Iliyoanikwa Juani

Kabla ya alfajiri, kikombe cha bati kiligonga sakafu, kikazunguka mara mbili, kikatulia. Ilikuwa sauti ndogo tu, lakini Mzee Chande aliijua. Aliondoa shuka, akapapasa kandambili kwa vidole vya miguu, akaenda jikoni. Alimkuta mkewe, Tausi, amesimama kando ya meza, anaitazama mikono yake kama mtu anayetazama wageni ambao hawajasema wamekuja kufanya nini.

"Kimeniponyoka," alisema Tausi.

"Kikombe hicho kina tabia mbaya tangu kilipotoka dukani," alisema Chande, akainama kukiokota. "Kaa. Nakupashia maji yako sasa hivi."

Akamletea beseni la maji ya vuguvugu. Tausi akazamisha mikono, na Chande akaanza kumnyoosha vidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayefungua fundo la kanga bila kutaka kuichana. Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili. Baada yake Chande alimfunga vifungo vya gauni la kazini, kuanzia chini kwenda juu, kisha akamwekea mkoba begani. Alikuwa amefanya hivyo kila siku kwa miaka mitatu, na hakuwahi kusema kwamba vifungo ni vingi.

Tausi alikuwa mkunga katika hospitali ya mkoa. Majirani walisema kilichokaza mikono yake ni uzee, naye alikuwa na miaka arobaini na sita. Mikono hiyo ilikuwa imepokea watoto kwa miaka ishirini na miwili, na wengine kati ya watoto hao sasa walikuwa wakimwamkia sokoni wakiwa na ndevu.

Wiki hiyo alikuwa amepokea barua kutoka kwa matroni. Ilikuwa barua yenye adabu sana. Ilimuuliza hali yake na ya mzee wake, ikamshukuru kwa utumishi, kisha ikamjulisha kwamba baada ya siku sitini atafanyiwa ukaguzi wa mikono. Atapewa uzi wa kufungia kitovu, naye atafunga mafundo mawili kabla mkaguzi hajafika thelathini katika kuhesabu. Akishindwa, atahamishiwa ghala la mashuka, ambako, barua ilisema, kuna kivuli kizuri. Mwishoni iliandikwa: Tunakutakia ukaguzi mwema.

Tausi aliisoma mara moja, akaikunja. Hakulia. Aliona tu kwamba ndani yake pamekuwa kimya, kama wodi ambayo wagonjwa wake wote wameruhusiwa kwenda nyumbani.

*

Nchi yao iliitwa Jamhuri ya Taratibu. Wageni walidhani jina hilo linahusu taratibu za ofisini. Wenyeji walidhani linahusu kwenda polepole. Wote walikuwa sahihi.

Ugonjwa wa Tausi uliitwa baridi yabisi. Wahenga walipoupa ugonjwa wa viungo jina hilo hawakujua kwamba siku moja serikali ingekuja kulisoma. Serikali ililisoma. Mwaka ule wa kugawana majukumu, kila jambo lenye neno baridi lilipelekwa kwa wataalamu wa mvua na upepo: vinywaji baridi, vita baridi, na baridi yabisi. Baadaye, ili wagonjwa wasisumbuke kwenda ofisi mbili, ikaundwa wizara moja, Wizara ya Afya na Hali ya Hewa.

Wizara hiyo ilikuwa na huruma. Kila mwaka ilimpa kila mgonjwa wa viungo sweta moja la kijivu. Tausi alikuwa nayo matatu. Kijana wa wizara aliyempima mkono alilegeza utepe kila alipofika kwenye kifundo, ili asimguse palipovimba, na Tausi hakumsahau kwa hilo. Miezi ya jua kali masweta hayakutolewa, kwa kuwa ugonjwa ulihesabiwa kuwa umekwisha hadi msimu wa baridi. Wagonjwa waliombwa kuvumilia ule uliobaki.

Ndipo ikaja Lainimabu.

Ilikuja kwa ndege, masanduku mia nne, kila moja likiwa na sindano mbili, kutoka kwa kampuni moja ya ng'ambo. Haikuja kuuzwa. Katika Jamhuri ya Taratibu kuuza dawa kwa kuisifu lilikuwa kosa, kwa hiyo dawa haikuuzwa, ilielimishwa. Kampuni ilimwajiri binti mmoja, Pendaeli, ikampa gari, viatu vya kisigino na cheo cha Afisa Mwelimishaji. Akafundishwa kutotamka neno "nunua" hata akiwa ndotoni.

Tena hakuruhusiwa kumwelimisha kila mtu. Sheria ya Masikio ilisema wazi: habari za dawa kama hiyo zitasikiwa na wataalamu wa afya peke yao. Mgonjwa asizisikie, asije akaitamani. Wala asizisikie mtu mwingine yeyote asiye mtaalamu, awe mkubwa au mdogo, asije akamwambia mgonjwa.

Kadi za semina zikapelekwa hospitali zote. Moja ilikuwa na jina la Tausi.

*

Mlangoni mwa ukumbi alikaa mlinzi mwenye orodha mbili. Alitafuta jina la Tausi kwenye orodha ya kwanza, akatabasamu. Akalitafuta kwenye ya pili, tabasamu likaondoka.

"Mama, wewe ni mkunga?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi pita. Umealikwa." Akainua kidole. "Lakini ngoja. Na hapa umeandikwa mgonjwa wa viungo."

"Ndiyo."

"Basi rudi. Umezuiwa."

Tausi akasimama. Nyuma yake madaktari walianza kuguna, maana harufu ya kuku ilikuwa imewafikia.

"Mama, umenitia majaribuni," alisema mlinzi kwa masikitiko. "Nikikuruhusu, mgonjwa ameingia. Nikikuzuia, nimemfukuza mtaalamu. Ugonjwa wenyewe uko upande gani?"

"Pande zote mbili."

"Ungenitajia upande mmoja ungenisaidia."

Tausi alimwonea huruma. "Haya, tuseme wa kushoto."

Mlinzi akashusha pumzi. Akafungua sanduku la huduma ya kwanza, akatoa pamba, akaichambua kwa vidole mpaka ikawa laini, akaiweka kwenye sikio la kushoto la Tausi kwa uangalifu kama anamtia hereni.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Sikio la kulia ndilo la mtaalamu, mama. Hilo lisikie mpaka lishibe."

Ndani kila mgeni alipewa mkoba, kofia, daftari na kalamu ya chuma yenye jina la dawa. Ukutani palikuwa na bango kubwa la wazee wawili wanaocheza dansi juu ya kilele cha mlima. Bango halikueleza walipandaje.

Pendaeli alisimama mbele. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikapata njia.

"Waheshimiwa, mwili una askari wake," alisema. "Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, kuna mtu amewapigia askari hao simu ya uongo, kwamba adui amejificha kwenye viungo. Nao wanapiga viungo usiku na mchana. Sweta haliwezi kuwazuia. Lainimabu haiwapigi askari. Inamkamata yule mpiga simu."

Tausi alisogeza kiti mbele. Katika miaka mitatu hakuna aliyekuwa amemweleza ugonjwa wake kwa maneno ambayo angeweza kwenda nayo nyumbani.

Pendaeli alieleza kwamba dawa hiyo hutengenezwa ndani ya chembe hai, si kwa kuchanganya unga na maji, na kwa hiyo lazima ikae kwenye baridi. Ikipata joto inakufa, na kinachobaki ni maji ndani ya sindano. Alionyesha mistari iliyopanda na mistari iliyoshuka, yote ikiwa na furaha. Sheria ilidai pia ataje madhara, ila haikusema kwa kasi gani, na kampuni ilikuwa imeliona hilo. Alipofika hapo wahudumu wakaingia na sinia za kuku, naye akasema kwa pumzi moja, "Maambukizikifuakikuuhomavipeleonanadaktari," na wataalamu wote wakapiga makofi, wengine wakiwa wameshika mapaja.

Maswali yakafuata. Daktari wa kwanza aliuliza kama mkoba unapatikana wa rangi nyeusi. Wa pili aliuliza semina ijayo ni lini, kwa sababu ameguswa sana na mada.

Wakati wa chakula Pendaeli alikuja kukaa karibu na Tausi. Aliona soda iliyokuwa mbele yake haijafunguliwa, na kalamu ya chuma ikiwa imelala palepale ilipowekwa. Aliifungua soda, akaisogeza. Kisha akarudia madhara yote kwa sauti ya kawaida, moja baada ya jingine, akielekea kwenye sikio la kulia.

"Kabla ya kuchomwa lazima mtu apimwe kifua, mama. Na homa ikimshika, aende hospitali siku hiyohiyo. Nilisema haraka kule mbele. Samahani."

"Nilikusikia, mwanangu," alisema Tausi. "Inachukua muda gani kufanya kazi?"

"Wengine wiki mbili. Wengine miezi mitatu. Wengine hapana."

Tausi akahesabu moyoni. Zilibaki siku hamsini na tatu.

*

Saa nane mchana aliwasili mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Afya na Hali ya Hewa. Watu wote wakasimama, hata aliyekuwa anatafuna.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Waziri, na kwa kweli ilikuwa imezingatiwa. Alizungumza juu ya mvua za vuli, juu ya umoja, na juu ya magoti ya mama yake mzazi. Kisha akashuka jukwaani ili azindue dawa. Mbele palikuwa na deli kubwa kama la wauza samaki, limejaa masanduku na barafu. Waziri akatia mkono. Akautoa haraka.

"Mbona ya baridi hii?"

Akakung'uta matone ya barafu vidoleni.

"Nauliza. Wananchi wangu wana baridi kwenye mifupa. Baridi tena yabisi! Halafu ninyi, wasomi, mnataka kuwachoma baridi nyingine juu yake?"

Macho yake yakajaa machozi. Hayakuwa ya kuigiza. Watu waliokaa safu ya mbele waliyaona yakidondoka kwenye tai.

"Mama yangu alikufa akiomba moto," alisema. "Naagiza dawa hii yote itolewe humo. Ianikwe juani mpaka iwe na joto la kumfaa mgonjwa. Hakuna mwananchi wa Taratibu atakayechomwa sindano ya baridi wakati mimi niko hai."

Makofi yakavuma. Pendaeli akainua mkono. Afisa itifaki akamwendea kwa haraka, akamnong'oneza.

"Unataka kusema nini, dada?"

"Nataka kumweleza Mheshimiwa kuhusu dawa."

"Mheshimiwa ni mtaalamu wa afya?"

"Ni Waziri."

"Basi soma sheria yako. Huruhusiwi kumwambia lolote."

Pendaeli akabaki na mkono juu kwa kitambo, kisha ukashuka wenyewe.

Waziri alimgeukia Profesa Kilindo, daktari bingwa wa viungo. Alikuwa bingwa wa pekee katika Jamhuri nzima, na ndiye aliyemtibu Tausi kwa kadiri alivyoweza. Profesa aliijua Lainimabu vizuri. Kampuni ilikuwa imempeleka ng'ambo kujifunza, ikampangia chumba chenye bustani dirishani, na Wizara ikamnunulia koti la safari. Alikuwa mtu mwema anayekumbuka fadhila, na fadhila zilikuwa zimemkalia mpaka akakosa pa kugeukia.

"Profesa, nimekosea?" aliuliza Waziri.

Profesa akavua miwani, akaifuta. "Mheshimiwa, hujakosea," alisema. "Umetangulia."

Ndipo Tausi akasimama. Hakujua kwamba atasimama. Alijikuta tu anamwona Waziri kutoka juu kidogo.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Dawa hii ikipata joto inakufa."

"Marahaba, mama. Wewe ni nani?"

"Mkunga."

Mtu akamnong'oneza Waziri. Waziri akakunja uso kwa upole. "Naambiwa pia ni mgonjwa. Habari hizi umezisikia kwa sikio lipi?"

"La kulia, Mheshimiwa."

"Hilo lina nini?"

"Hilo ni la mtaalamu."

Waziri akaitikia kwa kichwa, akaridhika kwamba sheria haijavunjwa. "Vizuri. Mtaalamu akiwa na maoni tofauti na ya Wizara, huyaleta kwa maandishi. Nakala tatu, kwa mkono wake mwenyewe. Na nitayasoma, mama. Nakuahidi mbele ya watu hawa."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Kisha akamsogezea Tausi kiti ili aketi.

*

Masanduku yalianikwa uwanjani juu ya mikeka. Wanafunzi wa uuguzi walipewa kazi ya kugeuza sindano kila baada ya nusu saa, kama dagaa, zishike joto pande zote. Bendi ya Wizara ilipiga nyimbo tatu. Afisa aliyehesabu masanduku alipata mia tatu tisini na tisa. Akarudia, akapata yaleyale. Akaandika mia nne, kwa sababu taarifa ilikuwa imeshapigwa chapa.

Lililobaki lilikuwa jikoni. Mpishi wa ukumbi hakuwa mtaalamu wala mgonjwa, lakini hakuna aliyekumbuka kwamba mpishi naye ana masikio. Akiwa anasubiri mlangoni na sinia za kuku alikuwa amesikia kila kitu. Waziri alipotoa amri na masanduku yakaanza kutolewa nje, yeye alichukua lililokuwa karibu, akalitia chini kabisa ya friji la vinywaji, akalifunika kwa chupa.

Jioni alimvuta Pendaeli kando. "Binti, kuna soda yako moja imebaki kwangu. Usiinywe. Inaonekana ina mwenyewe."

Nyumbani, Tausi alikuwa ameanza kuandika. Chande alitaka kumwandikia, lakini fomu ya Wizara ilisema: kwa mkono wa mhusika. Aliandika siku tatu. Kalamu ilikuwa ikilala katikati ya neno, na Chande alikuwa akiirudisha kati ya vidole vyake bila kugusa karatasi, ili wasije wakavunja sheria. Mistari yenyewe ilikuwa minne, mara tatu.

Jibu lilikuja mapema, baada ya siku tisa. Wizara ilimshukuru kwa mwandiko wake wenye juhudi. Ilimjulisha kwamba maoni yake yamewekwa kwenye jalada la Hali ya Hewa, na yatashughulikiwa msimu wa baridi.

Wakati huo sindano zilizoanikwa zilikuwa zimeshagawiwa. Wagonjwa mia saba tisini na wanane walichomwa maji ya vuguvugu, wakashukuru. Wengine waliomba Mungu. Hakuna kilichotokea. Wizara ikafanya utafiti wa swali moja: Je, ulisikia baridi ulipochomwa? Wote walijibu hapana. Kwa ushahidi huo, Waziri akatangaza redioni kwamba baridi yabisi imekwisha katika Jamhuri ya Taratibu, na kwamba mataifa jirani yanaweza kuja kujifunza. Masweta yakakusanywa. Yule kijana wa Wizara alikuja mwenyewe kuchukua ya Tausi, akaandika kwenye fomu kwamba ameyakuta mawili, akaacha moja kitandani.

Na kwa kuwa ugonjwa haupo, dawa yake nayo ikapigwa marufuku kuingia nchini. Dawa ya ugonjwa usiokuwepo, ilielezwa, ni magendo.

*

Siku kumi baada ya semina, kabla hata jibu la barua halijafika, Pendaeli alikuwa amemchukua Tausi kwa gari mpaka ofisini kwa Profesa Kilindo. Deli dogo, lenye lile sanduku la jikoni, lilikuwa juu ya mapaja ya Tausi, naye alikuwa ameliwekea mikono kama mtu aliyebeba chungu cha uji wa moto.

Profesa alilitazama sanduku kwa muda mrefu. Hakuuliza limetoka wapi. Alimpiga Tausi picha ya kifua, akasubiri, akaitazama mwangani mara mbili. Akampima damu. Aliporidhika akafunga mlango, akanawa mikono, akamchoma mwenyewe, ingawa alikuwa hajamchoma mtu sindano kwa miaka kumi na tano. Alichoma polepole sana.

"Pole," alisema.

"Nimeshapoa."

"Ilinipasa niseme siku ile."

"Ndiyo," alisema Tausi. "Ilikupasa."

Hakulisema kwa hasira. Alitafuta hasira ndani yake, akakuta pamefagiliwa. Profesa akaandika tarehe ya sindano ya pili, baada ya wiki mbili, akamsindikiza hadi kwenye gari. Alimfungulia mlango. Ilionekana kwamba angependa kuendelea kuushika.

Sindano ya kwanza haikuleta kitu. Baada ya ya pili, Tausi alianza kuogopa kutumaini, akawa hazitazami hata kucha zake. Ikapita wiki moja. Asubuhi moja Chande alikuja na beseni kama kawaida, akamkuta mkewe amesimama dirishani, gauni limefungwa vifungo vyote, hadi cha shingoni.

Chande akasimama na beseni lake.

"Nani kakufunga?"

"Nimejifunga."

Mzee akatazama maji, akatazama vifungo. Mikono yake ikakosa la kufanya. Mwishowe akaliweka beseni chini, akamfungua kifungo kimoja cha juu, akakifunga tena.

"Kilikuwa hakijakaa vizuri," alisema.

Siku ya ukaguzi ilifika. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mahakamani. Wakunga wenzake Tausi walijipanga ukutani, hakuna aliyekohoa. Tausi akapewa uzi. Fundo la kwanza likaingia wakati mkaguzi akiwa kumi na mbili. La pili lilimteleza, akalikamata, likamteleza tena. Mkaguzi alipofika ishirini na nane alipatwa na kikohozi. Alikohoa kirefu, akaomba maji, akanywa taratibu, akafuta midomo kwa leso. Alipotazama tena, uzi ulikuwa umefungwa.

"Ishirini na tisa," alisema.

Usiku uleule Tausi alipokea mtoto wa kike wa kilo tatu, akamfunga kitovu. Hakuna aliyehesabu. Kesho yake alipewa barua ya pongezi. Chini yake waliongeza kwamba kwa wenye mikono iliyowahi kutajwa, ukaguzi hurudiwa kila baada ya siku sitini.

*

Pendaeli alikuja nyumbani wiki tano baadaye, mchana, siku ambayo Tausi alikuwa hayuko zamu. Alivua vile viatu vya kisigino mlangoni, akaingia peku. Deli alikuwa nalo.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, mwanangu, kaa kwenye mkeka huku kuna upepo."

Chande akaleta chai. Aliwamiminia wote wawili, na kikombe cha Tausi alikijaza nusu. Pendaeli aliiona ile nusu. Akaona pia vile vidole viwili vya mwisho, ambavyo havikunyooka vilipokuwa vinapokea.

"Vimeanza lini?"

"Juzi. Asubuhi tu. Ikifika saa tatu vinaachia."

"Na ukaguzi?"

"Siku ishirini na nne."

Wakanywa chai.

"Nimehamishwa, mama," alisema Pendaeli. "Kwa vile ule ugonjwa umekwisha. Sasa naelimisha dawa ya mba."

"Mba ya kichwani?"

"Hiyohiyo. Kuna bango la mtu anayecheka huku amevaa shati jeusi."

"Inahitaji baridi?"

"Haihitaji chochote. Unaweza kuianika hata juani." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nimekuja kuaga. Ratiba yangu inaniruhusu kuwatembelea wataalamu wa mba peke yao. Leo nimeandika kwamba gari limeharibika."

"Ndani ya deli kuna nini?"

Pendaeli akalifungua. Lilikuwa tupu, kavu, limeoshwa. "Nilizoea kulibeba," alisema.

Tausi aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. Akafikiri, huku anamtazama binti huyo aliyekaa peku kwenye mkeka wake, na kola ya shati lake iliyokuwa imeanza kuchakaa.

"Watoto wachanga," alisema, "wakifika wiki ya pili au ya tatu, wengine hutoka ukoko utosini. Magamba magamba, ya njano. Mama zao huogopa. Mimi ndiye ninayewaonyesha kuulainisha kwa mafuta."

"Huo ni mba, mama?"

"Ukiutazama kwa upole, ni mba."

Pendaeli alimtazama. Akavuta mkoba, akatoa fomu na kalamu, akapiga magoti ili aandike juu ya kigoda. Aliandika jina la Tausi, na mbele ya jina akaandika: Mtaalamu wa mba ya watoto wachanga. Palipoulizwa mtaalamu atembelewe kila baada ya muda gani, kalamu ikasimama.

"Niandike ngapi?"

"Wiki mbili," alisema Tausi.

Binti akainamisha kichwa. "Mama, sitakuwa na kitu cha kuleta. Hata nikitafuta. Nimeshatafuta."

"Najua."

"Nitakuja na deli tupu tu."

"Uje nalo hivyohivyo," alisema Tausi, akanyoosha mkono, akaugusa ule wa Pendaeli kwa vidole vitatu vilivyokuwa bado vinamtii. "Wewe njoo tena, mwanangu. Uje tena."